Adabu ya Ukweni

"Vua hizo," mama alisema wakiwa mlangoni, na hereni ndefu zikatoka masikioni kabla binti hajafungua kinywa. "Mwanamke mwenye heshima havai kitu kinachoning'inia."

Ilikuwa siku ya kwenda kutambulishwa kwa wazazi wa mchumba. Majirani walimwita mama huyo Mama Kanuni, tena mbele yake, naye hakukasirika. Kwake, mwanamke alikuwa mikono mirefu ya gauni hata jua likiwaka, na nywele fupi zisizoshikika. Hajifungii jikoni. Akisikia hatua za mume, chungu cha moto kinawekwa chini kwanza. Na popote aendapo, hukaa kiti cha karibu na mlango.

"Kwa nini mlangoni, mama?" binti aliwahi kuuliza.

"Ili uwahi kuinuka. Acha maswali, fuata."

Baba alifariki binti akiwa hajaanza kutambaa. Alikuwa fundi saa, na mtaa mzima ulikuwa bado unamsifu kwa upole wake. Nyumbani walibaki wanawake wawili, na ni mmoja tu aliyejua mke na mume hukaaje.

Kwa dobi, binti alikopiga pasi, wenzake walimtania: "Wewe bibi harusi au bibi kizee?" Aliona haya kwa mavazi yake, kisha akaona haya zaidi kwa kumwonea haya mama aliyemlea peke yake. Leo aliapa moyoni: hatamwaibisha.

Na mambo yalikwenda vizuri. Mama mkwe alimkumbatia kama wa kwake. Baba mkwe, fundi bomba mstaafu, alikuwa na kicheko cha kutikisa madirisha. Mchumba alimwonyesha nafasi kwenye kochi, lakini yeye akachagua kiti cha mlangoni, na Mama Kanuni akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Baada ya chakula, binti aliinuka kuondoa vyombo. Sinia likainama upande. Bakuli la kioo likateleza na kupasuka vipande vipande sakafuni.

Uso ulimwaka kwa aibu. Chombo cha watu, siku ya kwanza!

"Ah, kioo tu hicho, mwanangu," mama mkwe alisema. "Kimeondoka na shari."

Baba mkwe akainuka kufuata ufagio uliokuwa pembeni.

Hapo binti akajua la kufanya. Hili alikuwa amefundishwa tangu utotoni. Aliweka sinia chini taratibu. Akaenda kwenye kona, akapiga magoti akiangalia ukuta, akazamisha kidevu kifuani na kufunika kichwa kwa mikono yote miwili, viwiko vimebana masikio. Alitulia tuli, akitumaini mama anaona jinsi alivyokumbuka kila kitu.

Baba mkwe alisimama na ufagio wake, asijue auweke wapi. Kwenye kochi, Mama Kanuni aliinamisha uso kwa aibu.

"Mwanangu," mama mkwe aliuliza polepole, "unafanya nini hapo?"

"Namsubiri baba amalize," binti alijibu kwa adabu, sauti ikitoka chini ya mikono.

"Amalize nini?"

"Sijui, mama. Mimi nilifundishwa kukaa tu."