Kofia ya Mjukuu

Daktari alipopitisha kifaa cha picha juu ya tumbo la Mwantumu, mama mkwe wake, Bi Nargisi, hakuacha kudarizi. Ilikuwa kofia ndogo, ya mjukuu atakayerithi jina la babu. Mwantumu hakutaka kuitazama, maana akizaliwa msichana, hakuna aliyemshonea kitu.

"Niambie ni dume tu," alisema Bi Nargisi.

"Bado, bibi. Mbegu ya baba imeshaamua, ila umbile halijaonyesha. Majuma haya ya mwanzo wote wako sawa, wa kike na wa kiume. Hata chuchu hutokeza kabla hawajaachana njia."

Sindano ikasimama. "Hata mwanangu huyu?"

"Hata yeye."

Bi Nargisi akamgeukia Hiza, mume wa Mwantumu, aliyejaa mlangoni. "Hebu fungua shati."

"Mama, jamani! Hapa?"

"Fungua!"

Akafungua. Mama akazikodolea macho zile chuchu mbili alizoziogesha miaka yote bila kujiuliza zina kazi gani. Mwantumu alicheka mpaka picha ikatikisika.

Bi Nargisi akaiweka kofia pembeni, akaliinamia lile tumbo.

"Nani?" akauliza taratibu, kama mtu aliyesikia hodi.