Kilichokuwa Chini ya Shuka

Wodi ya vijana wenye maradhi ya akili ilikuwa na sharti moja mlangoni: simu zote, za wagonjwa na za wageni, huachwa kwenye kapu la nesi. Bi Mashavu alikuwa amekaa kitandani kwa bintiye, Sikudhani, na macho yake hayakubanduka kwenye shuka. Chini ya shuka hilo kidole gumba cha binti kilikuwa kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka.

"Una nini humo?"

"Sina kitu, mama."

"Usinifanye mtoto mwenzio. Nesi kasema ukikutwa na simu, Ijumaa hutarudi nyumbani. Nani kakuletea?"

"Jini," binti alijibu, bila kucheka.

Bi Mashavu alifunua shuka, akamkunjua vidole kimoja kimoja. Kiganjani mlikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia, kimelika katikati pale gumba linapopita, mpaka pakawa na kishimo laini kama cha kijiko.

"Kinanituliza," Sikudhani alisema. "Usimwambie nesi, atasema sijapona."

Mama alimrudishia sabuni yake, akamfunika, akainama kumbusu. Hapo ndipo kitu kilipotetemeka kwenye pindo la kanga yake, mahali alipoificha simu asiiweke kapuni.

Gumba chini ya shuka likasimama.

"Mama," Sikudhani aliuliza taratibu, "una nini humo?"

Bi Mashavu alilishika pindo kwa mikono miwili. Likazidi kutetemeka.