Aliyekuja Badala ya Lachapelle

"Nimebadilishwa na nani?" Réal Lachapelle aliuliza kwa mara ya tatu, kiatu kimoja cha kuteleza barafuni kikiwa mguuni, kingine mkononi.

Kocha Halunka alifungua mdomo ajibu, akaufunga, akageukia ukutani mabega yakimtikisika. Chumba kizima cha kubadilishia nguo kikaangua kicheko. Kipa alicheka mpaka akateleza kutoka benchini, akakaa sakafuni.

Réal hakukasirika. Angekasirikaje? Asubuhi hiyo alikuwa ameambiwa anakwenda Dunmore, timu iliyo hatua moja tu chini ya ligi kuu, yeye wa miaka ishirini na tisa, ambaye alikwisha kuanza kuulizia kazi kiwanda cha karatasi. Furaha ilikuwa imempanda hadi utosini. Alikuwa amemkumbatia hata mfagiaji.

Ila alitaka kujua. Timu yake, Wakata Magogo wa Pinewater, walikuwa wamecheza magongo ya barafuni kwa miaka ishirini na mitatu, wakatwaa kombe moja tu, nalo liko dirishani mwa kinyozi. Katika miaka yote hiyo, mtu pekee aliyefunga mabao arobaini na moja kwa msimu mmoja ni Lachapelle. Mtu wa namna hiyo habadilishwi na kurutu. Kichwani alishawaona wachezaji wawili, pengine watatu.

"Wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja tu basi?"

"Mmoja tu basi," kocha akarudia, na vicheko vikaanza upya.

"Mzuri lakini?"

"Miaka tisa kaibeba Dunmore nzima. Hajakosa mechi."

"Hajawahi kuumia?"

"Aligongwa mara moja, ubavuni. Kovu lenyewe ulitafute."

"Anakunywa?"

Kocha akakuna kidevu. "Hapo sikufichi, bwana. Anakunywa vibaya sana. Lakini mji umekubali kuchanga."

Réal akapiga mluzi. Mji mzima unachangia ulevi wa mtu mmoja! Huyo si mchezaji, huyo ni sultani.

Kocha akamshika bega, na safari hii hakucheka. "Sikiliza, Lachapelle. Mechi mbili za ugenini hatukutokea. Tukikosa ya tatu, ligi inatufuta, na Pinewater haitakuwa na timu tena. Nisingekutoa kwa kitu kingine chochote. Saa tisa utamwona mwenyewe."

Treni ya Réal ilikuwa ya saa saba. Akaenda stesheni mbio, akabadilisha tiketi, akachukua ya jioni. Liwalo na liwe. Haondoki Pinewater kabla ya kumpa mkono mtu anayelingana naye.

Nyumbani alikopanga, Mama Tymko alikuwa amejaa unga hadi viwikoni, anakunja perogi, vifuko vya unga vyenye viazi ndani, kwa haraka kama anayekimbizwa.

"Za mgeni hizo?" Réal akauliza.

"Za watu watakaompokea. Yeye hali hizi, mwanangu." Akajiziba mdomo kwa aproni.

"Chumba changu utampa yeye?"

Mama Tymko akakaa kitini. Akacheka, akapiga meza, unga ukaruka hadi kwenye picha ya marehemu mumewe. "Hatoshi! Hata mlangoni hapiti!"

Réal alipanda juu kufunga sanduku. Alijisimamisha mbele ya kioo, akajipima mabega. Jitu gani hili? Kwa mara ya kwanza siku hiyo wivu ulimchoma kidogo, kisha ukayeyuka. Kama kweli ni jitu, basi bei yake yeye ni bei ya jitu. Akachana nywele upya, akavaa tai aliyovaa kwenye harusi ya dada yake.

Saa tisa kasorobo, barabara kuu ilifurika. Kiwanda kilikuwa kimefunga mapema. Bendi ya zimamoto ilipiga matarumbeta kwenye baridi iliyogandisha ndevu. Mchungaji alikuwapo, kinyozi alilishika kombe kwa mikono miwili, na akina mama waligawa perogi za moto kwenye masinia. Watu walipomwona Réal walimpisha, wakampiga mgongoni, wakamtia perogi mdomoni.

"Ahsante, Lachapelle! Umetuokoa!"

"Bila wewe tusingempata!"

"Miguu yako ni dhahabu, mwana wee!"

Alinyanyuliwa juu juu. Wenzake wa timu walimbeba mabegani, kocha akiwa mbele anacheza kama mwehu, na Réal akacheka mpaka machozi yakamgandia mashavuni. Hakuwahi kupendwa hivi, hata usiku wa bao la arobaini na moja. Akajiapiza kwamba huyo mtu akifika atamkumbatia kwanza kabla ya kumtazama usoni.

Kinyozi, aliyepanda juu ya ngazi, akapiga ukelele:

"Linakuja! Jamani, linakuja!"

*Linakuja?* Réal akakunja uso. Akanyoosha shingo kutoka kule mabegani.

Kwenye kona ya posta lilijitokeza basi la buluu, refu, viti arobaini na vinane, honi ikilia mfululizo, na ndani hamna mtu ila dereva. Likasimama mbele yao, likapumua mvuke, na dereva akamrushia kocha funguo.

"Mwanzoni walitaka kutupa hili hili peke yake," Kocha Halunka akampazia Réal sauti juu ya matarumbeta, kifua mbele kwa fahari. "Nikawakatalia katakata! Nikawaambia, kwa Lachapelle mnaongeza na tairi mbili za akiba!"