Uji wa Mwanakombo

Sauti za marehemu zilikuwa marufuku, na kila gramafoni ilibidi ifungwe kichujio: mtu akikata roho tu, sauti yake inafutika papo hapo. Kheri alikuwa ameifufua gramafoni ya babake kwa mkanda mpya, sindano mpya na, shingo upande, hicho kichujio.

Akaijaribu kwa santuri ya taarabu aliyoimba mkewe Mwanakombo, ambaye sasa alikuwa kalazwa hospitali. Sauti ikatoka tamu, haina mkwaruzo.

“Kwa kuimba, mama hajambo!” alisema binti yao Nasra, akimimina uji wa mgonjwa kwenye chupa.

Katikati ya ubeti sauti ikakatika. Fidla zikaendelea.

“Baba, sindano imeruka?”

Kheri akairudisha mwanzo wa wimbo. Zikasikika fidla tupu.

“Acha uji, mwanangu.”