Safu ya Wajane

Jengo letu huendeshwa kwa orodha. Msimamizi huchagua safu kwenye kompyuta, huchuja majina, na milango hutii. Wiki hii alichuja safu ya wajane, ili tukae eda ndani miezi minne na siku kumi bila wa kutusumbua.

Mimi nilikubali. Mume wangu, Shekue, tulimzika Alhamisi. Lakini mlango ulimkatalia kutoka hata Mwanakombo, mjukuu wangu wa miaka saba, kasimama na begi lake la shule mgongoni.

Nikampigia msimamizi. "Bwana Kitwana, huyu ni mtoto!"

"Bibi, ulipohamia, jengo lilikuuliza unaishi na nani. Ukajibu: mume wangu na mke mwenzangu."

"Utani huo, mwanangu! Kwani wewe bibi yako hakukuita mume wake?"

Akacheka kidogo. "Aliniita. Ila safu hairekebishwi mpaka eda iishe."

"Na shule?"

"Mjane haendi shule, Bibi. Ndivyo orodha inavyosema."

Nikamvua mtoto begi, nikamkalisha ubavuni pangu. Nilitaka kumchekesha kwa kile anachokijua tangu ana miaka mitatu.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

Siku zote hupiga kelele: yai! Safari hii aliutazama mlango wetu, akavuta ncha ya kanga yangu nyeupe, akajifunika kichwa.

"Hii yetu, Bibi," akasema.