Mpaka Mwalimu Aseme Basi

Shule haikuwa na kompyuta, kwa hiyo Mwalimu Kibwana alifundisha programu kwa miili ya watoto. Mmoja huandika amri ubaoni, mwingine huwa mashine na kutii bila kufikiri. Siku hiyo mashine alikuwa Chiku. Mwandishi alikuwa Ridhiwani, mtundu aliyeheshimiwa na watundu wenzake.

Aliandika kwa mwandiko makini, kama wa mkataba: "Tembea hatua nne. Geuka. Rudia mpaka mwalimu aseme basi."

"Leo utakoma, mashine," alimnong'oneza.

Chiku akatembea. Darasa lilicheka, mwisho likachoka kucheka. Mwalimu alikaa kitini, kidevu kifuani, kimya.

"Mwalimu, mwambie basi," Ridhiwani alisema, akamgusa bega. Mkono wa mwalimu ukaanguka kutoka mapajani, ukaning'inia.

Watu wazima walikuja, wakamfunika gubigubi kwa kanga ya mpishi wa shule, wakambeba nje.

"Chiku, basi. Inatosha jamani," Ridhiwani alisema. "Mimi ndiye niliyeandika."

"Wewe si mwalimu," alisema Chiku, akageuka.

Ridhiwani alichukua dasta, akafuta mstari wa mwisho, kisha ubao mzima. Nyuma yake zilisikika hatua nne, kimya kidogo, halafu nne tena.