Mbao za Muvula

"Hapana hii," Mariette alisema, na uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyepewa zawadi.

Kasonia akairudisha mbao mahali pake. Mbao zake zilikuwa zimejaa ua mzima, pale Butembo, chini ya mabati: libuyu nyekundu, muvula ya manjano, mbao ngumu zote za msitu wa Beni. Mtu anayetaka kutandika sakafu ya mbao nyumbani mwake, angekosa nini hapo? Lakini mama huyu, tangu mvua zianze, alikuja kila Jumamosi, akapitisha kiganja juu ya mbao moja moja, akakataa zote, akaondoka na furaha. Mara nyingine alirudi na mandazi kwa ajili ya wafanyakazi. Hebu mwambie mtu jambo hilo akuamini: mteja anakataa mali yako, halafu anakulisha.

Wala si kwamba hakujua mbao. Zile mpya hakuziangalia hata kidogo. Alitaka muvula ya zamani, iliyokwisha kukanyagwa miaka na miaka, na Kasonia alimheshimu kwa hilo. Mbao mbichi inakudanganya: leo imenyooka, kesho imejikunja na misumari iko juu. Ya zamani imekwisha kumaliza ujeuri wake.

"Nyumba iko wapi, mama?" alimuuliza siku moja. "Nikuje kupima."

"Iko Luofu, upande wa Lubero."

"Luofu? Na hii vita? Nani anaweka mbao Luofu sasa?"

"Bwana yangu iko kule. Delphin." Mariette aliketi juu ya gogo. "Batu bote tulikimbia, yeye alikatala. Alisema nyumba ya baba yake hawezi kuiachia askari. Nililia, lakini hakunisikia."

"Banaume ya kwetu iko na kichwa nguvu."

"Sana," alisema. Akatabasamu, kisha akajifuta macho kwa pembe ya kitenge.

Tangu alipokimbia hakuwa amepata habari za mumewe. Barabara ilikuwa inafungwa na kufunguliwa, aliyetoka kule alisema hivi, mwingine akasema vile. Mariette alipanga chumba kimoja mjini, akakaanga mandazi, akangoja. Hakuwa na kazi nyingine moyoni ila kungoja.

Kasonia alimhurumia kwelikweli. Naye alikuwa na mke. Alijua sasa: mama anamwandalia bwana yake nyumba, vita ikiisha wakae vizuri. Akaapa moyoni kwamba huyu hataondoka tena mikono mitupu.

"Unielezee basi muzuri ile unataka," akamwambia.

"Muvula. Pana kama viganja bibili. Ikae sana, rangi yake ikuwe ya chai."

"Nikiipata?"

Mariette aliinuka kutoka kwenye gogo. "Utaniita," alisema. "Hata niko kanisani, utume mutu aniite."

Halafu lori likaja kutoka upande wa Lubero. Juu lilibeba mabati yenye matundu ya misumari, milango, madirisha. Chini kabisa, mbao. Siku zile mali ya namna hiyo ilikuwa nyingi, na hakuna aliyeuliza imetoka nyumba ya nani. Kasonia pia hakuuliza. Alipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akaona muvula, pana kama viganja viwili, rangi ya chai, akaanza kupiga mluzi peke yake.

Hakuzirundika na zingine. Aliziosha kwa maji, akazilaza chini ubavu kwa ubavu katikati ya ua, kama chumba kisicho na kuta, ili mama aweze hata kutembea juu yake. Kisha akatuma mtu amwite.

Mariette alifika mbio, na unga mikononi. Mlangoni akasimama. Kasonia alidhani ni furaha iliyomzidi, akamfanyia ishara apite, kama mtu anayekaribisha mgeni kwake.

Mariette akavua viatu. Akatembea polepole juu ya mbao hadi katikati, akapiga magoti. Pale palikuwa na alama nyeusi, yenye umbo la pasi ya makaa.

"Ile ni kitu kidogo," Kasonia alisema haraka. "Nitapitisha randa, itapotea. Zingine zote ziko safi. Leo hauwezi kukatala, mama."

Mariette aliweka kiganja juu ya ile alama, akakiacha hapo.

"Usirande, papa. Ni pasi yangu iliangukaga hapa, juma ya ndoa yetu." Hakulia bado. "Kila Jumamosi nilikuwa nakuja kuona kama hazijafika. Delphin aliapaga kwamba hakuna mutu atang'oa hizi mbao yeye akiwa muzima."